Fujo na Kuvuruga Amani Hadharani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu kashikwa usiku, asubuhi ndugu zake wanahangaika wanauliza "kwani kafanya nini?" na jibu wanalopewa ni moja tu, "alikuwa anafanya fujo". Basi. Hakuna anayewaeleza fujo gani, kwa nani, na kwa nini ni kosa. Hapa nimeyakusanya maswali yanayojirudia, ya msingi yako juu, yenye utata yako chini. Kila nchi ina sheria yake, kwa hiyo pale ninapotaja kifungu au kesi nitasema ni ya wapi.

## Mambo ya msingi

Kuvuruga amani ni nini hasa?

Ni kufanya kitu mbele za watu ambacho kinaharibu utulivu wao kiasi cha kuleta ugomvi, kuwatia hofu, au kuwafanya washindwe kuendelea na shughuli zao. Kupigana ndo mfano ambao kila mtu anaujua, lakini humo humo kuna kutishia kupiga, kumtukana mtu kwa namna ya kumchokoza arushe ngumi, kelele za kupitiliza, kuziba njia makusudi na kuzua taharuki kwa uongo.

Sheria nyingi hazitaji kila tendo kwa jina. Zinataja mawili matatu halafu zinamalizia na "au kwa namna nyingine yoyote" kuleta fujo inayoelekea kuvunja amani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 89 iko hivyo, ya Kenya kifungu cha 95 iko hivyo hivyo, maneno yanakaribia kufanana kabisa. Huo mkia wa "namna nyingine yoyote" ndo unaoleta shida zote utakazozisoma huku chini, maana unaweza kumkamata anayestahili na asiyestahili kwa kamba ile ile. Mi naona swali la kuuliza kila mara ni hili: nani amevurugwa, na amevurugwaje? Kama jibu ni "hakuna, ila afande alikasirika", basi kesi hiyo ina tundu.

Fujo na kuvuruga amani ni kosa moja au mawili?

Inategemea uko wapi. Kuna nchi zimeyaweka kwenye kifungu kimoja, kuna nyingine zimeyatenganisha, yaani tabia mbaya hadharani ni kosa dogo la faini, halafu kuvunja amani kwa maana ya kuelekea vurugu ni jambo lingine lenye uzito zaidi. Mtaani watu wanayasema kama kitu kimoja na kwa matumizi ya kawaida hakuna ubaya. Ila ukishapewa hati ya mashtaka soma kifungu chenyewe, usiridhike na jina walilokutajia kwa mdomo, kwa sababu kinachotakiwa kuthibitishwa kinabadilika kutoka kifungu hadi kifungu.

Lazima mtu aumizwe ndo iwe kosa?

Hapana, inatosha kuwepo uwezekano wa kweli kwamba mtu ataumizwa. Mahakama ya Rufaa ya England mwaka 1981 ilijaribu kuweka maana inayoshikika: amani inavunjwa pale mtu anapodhurika au anapoelekea kudhurika, au mali yake inapoharibiwa yeye mwenyewe akiwepo, au anapotiwa hofu kwamba hayo yatatokea. Angalia hapo, kelele peke yake haimo, kukereka peke yake hakumo. Nchi nyingine zimeenda mbali zaidi na kuingiza kero na kelele, lakini hata huko kero inapimwa kwa mtu wa kawaida, sio kwa yule ambaye hata kikohozi cha jirani kinamuudhi.

"Hadharani" ni wapi? Mbona niko uani kwangu?

Hadharani ni popote ambapo watu wengine wanaruhusiwa kufika au wapo kwa kawaida: barabara, stendi, soko, baa, hospitali, ndani ya basi, hata eneo la mtu binafsi kama duka, ilimradi liko wazi kwa wateja. Watu wanachanganya umiliki na uwazi. Baa ni ya mtu lakini ni hadharani.

Uani kwako sasa ndo pana utata. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inasema maneno au tabia ya ndani ya nyumba haihesabiki kama aliyeathirika naye yuko ndani ya nyumba, iwe hiyo hiyo au nyingine. Lakini ukisimama barazani kwako ukawatukana wapita njia, we uko nyumbani na wao wako barabarani, kwa hiyo kujitetea kwamba "nilikuwa kwangu" hakutakusaidia. Kwa muziki ndo kabisa, sauti haijui ukuta wala hati ya kiwanja, angalia sehemu ya kelele.

Hizi sheria zimetoka wapi?

Zina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1361 enzi za mfalme Edward III wa England ilipitishwa sheria ya kuwapa watu fulani wa kila jimbo kazi ya kulinda amani, wawashike wagomvi na kuwalazimisha watoe ahadi ya kutulia. Baadaye mwaka 1824 ikaja sheria ya wazururaji, ile iliyokuwa inashika masikini, ombaomba na watu "wasioeleweka". Halafu ukoloni ukazibeba zote mbili ukazisambaza Afrika, Asia na visiwani, ndo maana ukisoma kanuni ya adhabu ya nchi moja iliyotawaliwa na Waingereza unaona kama umeshaisoma ya nchi nyingine.

Kumbuka hiyo historia, kwa sababu sheria ilitungwa na watawala kuwadhibiti watawaliwa, na mpaka leo anayebanwa nayo kwa wepisi ni mchuuzi, kijana wa kijiweni na asiye na wa kumpigia simu.

## Maneno na matusi

Kutukana peke yake ni kosa?

Kwa Tanzania na Kenya lugha ya matusi imetajwa waziwazi kwenye vifungu nilivyovitaja juu, lakini watu wanasoma nusu. Kifungu cha Tanzania kinasema matusi kwa mtu mwingine *kwa namna inayoelekea kuvunja amani*. Kwa hiyo kuna vitu viwili vya kuthibitisha, tusi lenyewe na mazingira. Umejikwaa jiwe ukatoa neno chafu peke yako ni kitu kimoja, umemfuata mtu mezani mbele ya wenzake ukamtukania mama yake huku umemnyooshea kidole ni kitu kingine kabisa.

Marekani wamefika mbali kwenye hili. Mwaka 1942 Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba maneno ya kuchokoza ngumi, yale ya uso kwa uso, hayalindwi na uhuru wa kusema. Halafu ikaja kesi ya kijana aliyeingia kwenye jengo la mahakama Los Angeles mwaka 1968 amevaa koti lenye tusi la kupinga watu kulazimishwa jeshini, hakupigana na mtu, hakupaza sauti, akahukumiwa siku 30 jela kwa kuvuruga amani. Mwaka 1971 hukumu ikafutwa, majaji 5 kwa 4. Hoja ilikuwa kwamba tusi halikumlenga mtu yeyote aliyekuwepo, na asiyelipenda angeweza kugeuza macho. Hukubaliani na koti lake, sawa, ila unaona mstari ulipo: neno chafu sio fujo mpaka limlenge mtu na lielekee kuwasha kitu.

Nikimjibu polisi vibaya naweza kushtakiwa?

Hili ndo swali linaloongoza na ndo hapa watu wengi wanaingia matatizoni. Kuuliza "nimekosa nini", "unanipeleka wapi", "naomba jina lako" sio fujo popote pale penye sheria inayoheshimika. Hata kulalamika kwa sauti kwa kawaida sio fujo.

Polisi anatarajiwa awe mvumilivu kuliko raia wa kawaida, na mahakama kadhaa zimelisema hili. England mwaka 2011 mahakama ilifuta hukumu ya kijana aliyetukana mara kadhaa wakati anapekuliwa, kwa sababu hakuna ushahidi kwamba maafisa wale, ambao maneno hayo wanayasikia kila siku, waliingiwa hofu au fadhaa yoyote, na waliokuwa jirani hakuna aliyesema kasumbuka. Marekani mwaka 1987 walifuta sheria ndogo ya mji wa Houston iliyokuwa inafanya kosa kumkatiza polisi kwa maneno, baada ya mtu mmoja kushikwa kwa kumpigia kelele askari aliyekuwa anamhoji rafiki yake.

Ila usichukue kesi za huko ukaenda kuzijaribia barabarani saa nane usiku. Kuwa na haki na kulala nyumbani ni vitu viwili tofauti, tena ukianza kusukumana hata kidogo tu kesi inabadilika inakuwa kumzuia au kumshambulia askari, na hiyo ni nzito mara nyingi zaidi. Sema unachotaka kusema kwa sauti ya kawaida, mikono ionekane, mengine utayasema mbele ya hakimu.

Tunagombana mimi na mke wangu barabarani, inawahusu nini?

Ugomvi wa maneno wa watu wawili wanaojuana, wapita njia wakageuza shingo kisha wakaendelea na safari, kwa kawaida haujafika. Ukianza kukusanya watu, gari zinasimama, au mmoja ananyanyua mkono, umefika. Na ukinyanyua mkono tusizungumzie tena fujo, hilo ni shambulio, na kumpiga mwenzi wako hakugeuki kuwa "mambo ya ndani" kwa sababu mmeoana. Aliyeshuhudia ana haki ya kuita msaada na afanye hivyo.

Yeye ndo alianza, mbona tumeshikwa wote?

Kwa sababu polisi akifika anakuta ngumi mbili zinaruka, hajui ya kwanza ilitoka wapi. Uchokozi wa mwenzako unaweza kukupunguzia adhabu lakini haufuti kosa. Kinachofuta ni kujilinda, na kujilinda kuna mipaka: hatari iwe ipo wakati huo huo, na nguvu uliyotumia ilingane nayo. Kapiga kibao, umemzuia, kageuka anaondoka, we ukamfuata ukampiga chupa, hapo hujilindi tena. Kama una shahidi aliyeona mwanzo mchukue namba yake ya simu hapo hapo, kesho yake hutampata.

## Kelele

Ni saa ngapi muziki unageuka kuwa kosa?

Hakuna saa moja ya dunia nzima lakini saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi inarudi sehemu nyingi sana. India kwa kanuni zao za mwaka 2000 vipaza sauti vya nje vimepigwa marufuku saa hizo, Ujerumani utulivu wa usiku kwa kawaida ni saa hizo hizo. Kenya ina kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira tangu 2009, na hizo zinapima kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti.

Kwa kukusaidia kuelewa desibeli, maongezi ya kawaida ni kama 60. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilishauri usiku ndani ya chumba cha kulala isizidi 30, na nje ya dirisha isizidi 45. Kwa hiyo kama kwenye chumba cha jirani yako mtoto anasikia maneno ya wimbo wako, umeshapita zamani.

Kosa ambalo watu wanalifanya ni kudhani mchana ni ruksa. Saa ni kigezo kimojawapo tu, wanaangalia pia sauti ina ukubwa gani, imedumu muda gani, eneo ni la makazi au la viwanda, kuna hospitali au shule karibu, na uliambiwa mara ngapi ukapuuza. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa maana linaonyesha unakusudia.

Na nyumba za ibada, harusi na misiba?

Uhuru wa kuabudu upo kwenye katiba nyingi, ila haujumuishi spika ya nje kuelekezwa dirishani kwa mgonjwa. Taratibu nyingi zinatoa kibali cha muda kwa shughuli maalumu, na kibali kinakuwa na saa ya kuisha. Mi nashauri waarifuni majirani kabla, wengi wanaolalamika usiku walichokasirika nacho ni kushtukizwa zaidi hata ya kelele.

Jirani yangu kanifokea mara moja, nimshtaki kwa kuvuruga amani?

Kuna kesi ya Canada ya mwaka 1992 inafaa sana hapa. Mtu alikuwa kachoshwa na mashine za jirani yake zinazonguruma, akatoka barazani kwake akamporomoshea matusi mazito, mara mbili kwa siku tofauti. Alihukumiwa, akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu, na huko akaachiwa. Walisema kumfadhaisha mtu moyoni hakutoshi, lazima fujo ionekane kwa nje, yaani kuwe na watu walioshindwa kuendelea na walichokuwa wanafanya pale mahali pa wazi. Kwa hiyo kufokewa mara moja kunauma, ila dawa yake ni mazungumzo au mjumbe. Likijirudia na kuwa vitisho, andika tarehe na saa za kila tukio halafu nenda nazo.

## Ulevi

Kulewa tu ni kosa?

Sehemu nyingi kulewa hadharani peke yake hakutoshi, inatakiwa uwe umelewa *na* unafanya fujo, au umelewa mpaka hujiwezi. Kenya sheria yao ya vileo ya 2010 inagusa vyote viwili na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote. Faini yenyewe ni ndogo, kinachokugharimu ni usiku wa mahabusu na kazi uliyochelewa asubuhi.

"Nilikuwa nimelewa sikujua ninachofanya" sio utetezi kama pombe ulikunywa mwenyewe. Kama uliwekewa kitu kwenye kinywaji hilo ni jambo lingine kabisa, omba upimwe mapema kwa sababu dawa nyingine zinapotea mwilini ndani ya saa chache.

Kafika anapepesuka, anaongea ovyo, anafoka. Si kalewa huyo?

Sio lazima, na hapa naomba usome pole pole. Mtu mwenye kisukari sukari yake ikishuka sana anapepesuka, anatokwa jasho, anaongea vitu visivyoeleweka, anakuwa mkali, yaani ukimwangalia unasema huyu kalewa. Aliyetoka kwenye degedege la kifafa anaweza kuamka kachanganyikiwa na akamsukuma anayemshika. Aliyegongwa kichwa vilevile. Hawa wakifungiwa ndani "mpaka pombe ishuke" wanaweza kufa humo.

Angalia kama ana bangili au kadi ya ugonjwa, muulize kama anatumia dawa, na kama anaweza kumeza vizuri na unahisi ni sukari mpe kitu cha sukari huku unaita msaada. Kama hawezi kumeza au kazimia usimpe kitu mdomoni, mlaze ubavu. Ndugu mwenye mgonjwa wa aina hii mwambie atembee na kitu cha kumtambulisha.

## Kukaa tu, kukusanyika, kuhubiri

Nimeshikwa nimesimama tu na wenzangu kijiweni, hiyo nayo ni fujo?

Kusimama sio fujo. Huwa wanatumia vifungu vya uzururaji, vile vya asili ya 1824, na hivyo vimepigwa sana mahakamani. Marekani mwaka 1971 walifuta sheria ya mji wa Cincinnati iliyokataza watu watatu au zaidi kukusanyika kando ya barabara na "kuwaudhi" wapita njia, maana kuudhi hakuna kipimo. Mwaka 1972 wakafuta ya Jacksonville ya wazururaji.

Afrika nako limefika. Malawi mchuuzi mmoja alikamatwa alfajiri akienda kutafuta riziki na bidhaa zake, akashtakiwa kwa uzururaji, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema kifungu kile kinakiuka katiba. Halafu tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Arusha, ikatoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na nchi zinatakiwa kuzifuta au kuzirekebisha. Maoni ya ushauri hayamtoi mtu mahabusu siku hiyo hiyo, lakini wakili wako anaweza kuyatumia, mkumbushe.

Tukiandamana kwa amani wanaweza kutuita wavuruga amani?

Kuita wanaita. Mwaka 1961 wanafunzi weusi huko South Carolina, Marekani, waliandamana hadi viwanja vya bunge la jimbo kupinga ubaguzi, wakaambiwa wana dakika 15 watawanyike, wao wakaimba nyimbo, wakashikwa. 187 walihukumiwa kwa kuvunja amani. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hukumu zote: hakukuwa na vurugu, njia haikuzibwa, waliadhibiwa kwa kutoa maoni yasiyopendwa.

Ukweli wa pili ni kwamba nchi nyingi zinadai taarifa kabla. Kenya kwa mfano ni angalau siku tatu na zisizidi 14 kabla ya mkutano. Msipotoa, mnawapa sababu nyepesi. Na mtu mmoja akirusha jiwe, jitengeni naye kwa vitendo, kaeni mbali, muonyesheni.

Mhubiri kasimama stendi, watu wamekasirika wanataka kumpiga. Nani anavuruga amani?

Wanaotaka kupiga. Hili jibu lina zaidi ya miaka 140. Mwaka 1882 huko Weston-super-Mare, England, Jeshi la Wokovu walikuwa wanaandamana wakiimba, kundi la wapinzani wao likawa linawavamia kila mara, na walioshikwa wakawa ni wale waimbaji. Mahakama ikakataa, huwezi kumhukumu mtu anayefanya jambo halali eti kwa sababu mwingine ataamua kufanya haramu. Mwaka 1999 ikarudiwa kwa wanawake watatu waliokuwa wanahubiri kwenye ngazi za kanisa kuu la Wakefield, umati wa zaidi ya watu 100 ukachachamaa, polisi akamshika mhubiri. Rufaa ikampa mhubiri ushindi.

Mpaka wake ni pale mhubiri mwenyewe anapoanza kumlenga mtu fulani kwa matusi, kumfuata, au kuchochea watu wadhuru kundi lingine. Hapo rudi kwenye swali la matusi, ni kipimo kile kile.

## Ukishashikwa

Askari kasema "ondoka hapa". Lazima niondoke?

Kama kuna ugomvi unaendelea, moto, ajali, basi ondoka, agizo hilo lina sababu. Kama huna uhakika uliza kwa adabu, "afande, nimeshikwa au niko huru kuondoka?" Jibu lolote kati ya hayo mawili linakusaidia. Ukibaki kubishana ndo mara nyingi kosa linazaliwa pale pale, kabla ya hapo hukuwa nalo.

Nimekamatwa tayari, nifanye nini?

Usipigane wala kukimbia. Uliza sababu ya kukamatwa, taja jina lako, halafu sema unataka kuongea na ndugu au wakili na nyamaza kuhusu tukio lenyewe. Watu wanajiharibia kwenye maelezo, anataka kujieleza vizuri ili aachiwe, kumbe anakubali alikuwepo, alikunywa na alitukana. Usisaini usichokisoma.

Uliza habari ya dhamana mapema, haya ni makosa madogo na kwa kawaida yana dhamana. Katiba ya Kenya ibara ya 49 inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na inasema pia kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita usiwekwe rumande. Sasa linganisha na kifungu cha 95, adhabu yake ya juu ni miezi sita. Watu wangapi wamekaa ndani bila kujua mistari hiyo miwili inakutana! Dhamana ya polisi hailipiwi chai, ukiombwa hela dai risiti.

Ukitoka andika kila kitu siku hiyo hiyo: saa, nani alikuwepo, nani alisema nini, kamera ziko wapi. Video za kamera za maduka nyingi zinajifuta baada ya siku chache, kwa hiyo usisubiri wiki mbili.

Adhabu yake ikoje?

Tanzania na Kenya kwa vifungu tulivyovitaja ni hadi miezi sita. California ni hadi siku 90 au dola 400. New York ni hadi siku 15. England kwa kosa la chini kabisa kwenye ile sheria ya 1986 hakuna jela, ni faini hadi pauni 1,000. Hizo ni za juu kabisa, kosa la kwanza bila majeruhi mara nyingi linaishia kwenye onyo, faini au kazi za jamii.

Nikubali kosa nilipe faini niende zangu?

Inavutia, naelewa, hasa ukiwa umelala chini kwenye simenti. Ila kukubali kosa ni hukumu, na hukumu inabaki kwenye kumbukumbu. Utaulizwa ukiomba kazi ya ulinzi, ualimu, leseni, viza. Kama hukufanya, usikubali. Kama ulifanya na ushahidi upo, kukubali mapema na kuomba msamaha kwa uliyemkosea kunasaidia, na sehemu nyingi mlalamikaji akiridhika kesi ndogo kama hii inaweza kumalizwa kwa maridhiano. Uliza kwanza kama hiyo njia ipo.

Nilikuwa narekodi tu na simu, wananishtaki kwa kuvuruga amani

Mwaka 2007 wakili mmoja wa Boston, Marekani, alisimama mbali kidogo akarekodi askari wakimkamata mtu, akashtakiwa makosa ikiwemo kuvuruga amani. Mashtaka yalikufa, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema alikuwa na haki ya kurekodi. Kurekodi kimya kimya hakuvurugi mtu. Shida inakuja ukisogea mpaka uko katikati yao, au unarekodi huku unawahamasisha watu wamvamie askari. Simama mbali, nyamaza, kamera ifanye kazi.

## Yenye utata

Ndugu yangu ana tatizo la akili na huwa anapiga kelele sokoni

Kosa kwa kawaida linataka kukusudia au kutojali. Mtu ambaye hajui anachofanya, au sauti inamtoka bila hiari kama mwenye ugonjwa wa Tourette, hakusudii. Mwenye tawahudi akizidiwa na kelele za watu anaweza kupiga mayowe na akishikwa kwa nguvu anazidi. Waambieni walio karibu mapema, wenye vibanda, walinzi, kituo cha polisi cha eneo, na weka barua ya daktari mahali inapofikika. Na akishikwa, neno la kwanza liwe ugonjwa wake na dawa anazotumia.

Na mtoto?

Kuna umri ambao chini yake mtoto hashtakiwi kabisa. England ni miaka 10, na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto mwaka 2019 ilizihimiza nchi zisiwe chini ya 14. Akishikwa aliyezidi umri huo asihojiwe bila mzazi au mlezi, na asichanganywe na watu wazima.

Video za kushtua watu kwa ajili ya mtandaoni je?

"Nilikuwa natania" hakutoshi kama aliyetaniwa hakujua. Kujifanya una bomu, kujifanya unateka mtu, kupiga ukunga wa mwizi ambaye hayupo, haya yana vifungu vyake vizito zaidi ya fujo za kawaida, na sababu inaeleweka: umati ukikimbia watu wanakanyagana, na anayeitiwa mwizi kwa utani anaweza kuuawa kabla hujasema ni kamera.

Mimi ndo ninayesumbuliwa, niite polisi lini?

Kukiwa na silaha, mtu anapigwa, au kuna mtoto ndani, ita hapo hapo. Kukiwa na kelele tu, anza na kugonga mlango ukiwa umetulia, na kama huyo mtu unamwogopa pitia kiongozi wa mtaa. Ukipiga simu sema unachokiona na kukisikia, sio unachokihisi: "wanaume wawili wanapigana, mmoja ana fimbo" inasaidia kuliko "kuna wahuni hapa".

Na usiite watu wamshughulikie. Mlevi anayetukana ana kosa la miezi sita. Mliomkusanyikia mkampiga akafa mna kesi ya mauaji, kila mmoja wenu, hata aliyerusha teke moja.